Friji ya Docus

Mutwalibu alikuwa amekaa sakafuni mwa selo ya polisi Jinja, mgongo ukutani, macho yamevimba mpaka yamefumba kabisa. Sajini Opio alichuchumaa mbele yake akamtia kikombe cha chai mkononi, maana mwenyewe asingekiona.

"Nani huyo?"

"Opio. Wa upelelezi."

"Ulikuwa pamoja na wale wa jana?"

"Jana nilikuwa Kamuli."

"Basi nitakunywa," alisema Mutwalibu.

Kesi ilikuwa fupi, na ndiyo maana Inspekta Odeke aliipenda. Wazungu wawili, mume na mke, walikuja Jinja na gari lao la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, na betri mbili kubwa za kuwashia taa na televisheni gari likiwa limesimama. Waliliacha katika yadi ya gereji moja karibu na reli, wakaenda kupanda mlima. Asubuhi moja mlinzi wa yadi, mzee Isa, alikutwa amelala kando ya gari hilo, kichwa kimepasuka. Betri hazipo. Inveta nayo haipo, yaani kile kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Wiki hiyo hiyo inveta ilionekana kwenye kibanda cha Mutwalibu, fundi redio wa Masese. Odeke hakutaka kujua zaidi. Alimkabidhi fundi kwa vijana wake, wakamfanyia kazi mpaka wakachoka wao.

"Nieleze tena habari za mtu aliyekuletea," alisema Opio.

"Nilieleza. Wakanipiga."

"Mimi nieleze, sikupigi."

Mutwalibu alikunywa chai kwanza. Midomo ilikuwa inamuuma.

"Alikuja umeme umekatika, mimi niko na kibatari. Mtu mzima. Alisimama mlangoni, uso sikuuona vizuri, sauti ndiyo niliisikia, sauti nzito. Akasema mashine imekufa. Nikaifungua. Fyuzi imeungua, na pembeni pake pameungua kwa namna ninayoijua. Nikamwambia, mzee, umegeuza waya. Mwekundu uende chanya, mweusi uende hasi, wewe umefanya kinyume. Akakasirika. Akasema, 'Mimi nilikuwa nafunga betri wewe bado unanyonya.'"

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Ndiyo maana nilidhani Mkenya. Kwetu Masese mtu akitaka samaki anaomba kwa Lusoga. Kiswahili ni cha Mkenya au cha mtu wa bunduki, askari."

"Mashine ya kuwashia nini?"

"Friji. Friji kubwa ya nyumbani, alisema ameinunua Mbale, Namakwekwe. Kuna kitu nilitaka kumwambia juu ya hiyo friji, lakini alikuwa ameshageuka anaondoka. Nikasema nitamwambia akija kuchukua."

"Kitu gani?"

Mlango ulifunguliwa. Odeke alisimama pale na kofia yake mkononi.

"Sajini, unamnywesha chai?"

"Nauliza maswali, afande."

"Maswali yameisha. Hakimu ameweka sahihi. Jumatatu lori la magereza linampeleka gereza la shamba kule upande wa Mbale. Hapa tumejaa."

"Kuna mtu wa Mbale anayetakiwa kutafutwa."

"Kila mwizi ana mtu wa Mbale. Wewe una mpaka Jumatatu, na Jumatatu haisogei."

Opio alilijua gereza lile. Mtu wa kesi ya kuua akiingia huko akingoja mahakama kuu, jalada lake hulala, naye hulala nalo. Wengine mvi ziliwaota kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Wengine walitoka wakiwa maiti, wamezungushiwa blanketi.

Kabla ya kuondoka Jinja alipita kwa daktari aliyeupasua mwili wa Isa. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache.

"Si nyundo," alisema. "Si panga, si bomba. Ni chuma cha mviringo, lakini kina kona. Kimejikunja kama kiwiko. Ukikipata utakitambua."

Alipita pia kwenye yadi. Mwenye gereji aliapa kwamba siku ile hapakuwa na mgeni. Magari yote yalikuwa ya wateja wa siku zote, akayataja kwa vidole: gari la mkate, trekta la miwa, lori la magereza lililokuja kubadilishwa springi. Opio aliandika moyoni kwamba hapakuwa na mgeni, akaondoka. Hilo lilikuwa kosa lake, na lilimlia siku nzima ya Jumapili huko Mbale, akizunguka na pikipiki ya kituo kutoka kwa muuza friji mmoja hadi mwingine.

*

Jumatatu asubuhi alimfikia Shakul.

Duka la Shakul pale Namakwekwe lilikuwa chumba kimoja chenye feni, pasi, redio na televisheni zilizokufa, zikingoja mtu wa kuzifufua au mjinga wa kuzinunua. Kwenye kona, chini ya gunia, Opio aliona pembe ya betri ya kijivu. Alilivuta gunia. Zilikuwa mbili, kubwa, za kijivu, kama alivyoelezwa.

"Haji, hizi za nani?"

"Zangu, afande."

"Zinafanya kazi gari gani?"

"Gari lolote."

Opio alimshika Shakul ukosi wa kanzu akamsukuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Kuna mzee amekufa Jinja kwa ajili ya betri za rangi hii. Fikiri kabla ya kusema tena 'gari lolote'."

Shakul alinyoosha mkono, akakwangua betri kwa ukucha. Kijivu kikatoka. Chini yake palikuwa peusi, pamechubuka, betri kuukuu ya trekta.

"Napaka rangi," alisema. "Mteja anapenda kitu kinachofanana na cha Ulaya. Ni wizi, ndiyo. Lakini hauna damu."

Opio alimwachia. Alijiona amepoteza asubuhi.

"Friji kubwa ya nyumbani. Umemuuzia nani karibuni?"

"Mimi nauza, siulizi majina."

"Haji, rangi hii ya kijivu bado iko kwenye ukucha wako."

Shakul alijifuta ukucha kwenye kanzu. "Moja tu. Nyeupe, mlango umeshika kutu chini. Ilikuwa inakwenda Busiu. Nilimcheka yule mtu, nikamwambia Busiu nguzo ya umeme hamjaiona, hii friji utafugia kuku? Akasema mke wake ana duka barabarani, watu wa Tororo wanapita na kiu, na soda zake za moto hakuna anayezitaka. Umeme atapata, anaye rafiki Jinja, mzee analinda gari la wazungu linalochemsha chai bila nguzo."

"Alisema rafiki?"

"Rafiki. Wanakunywa chai pamoja."

"Friji aliibeba na nini?"

Shakul alitazama nje. "Lori."

"Lori la nani?"

"Afande, sisi watu wa hapa tumezaliwa tukisikia hicho Kiswahili chako usiku mlangoni. Tulijifunza mapema kutoona malori ya serikali."

"Kwa hiyo lilikuwa la serikali."

"Wewe umesema, siyo mimi. Mimi niliona lori kuukuu tu, limenizimikia hapo mlangoni, likanizibia wateja. Mtu mwenyewe akatoa hendeli chini ya kiti, akaichomeka mbele, akazungusha mpaka likakohoa. Nani siku hizi anawasha lori kwa hendeli?"

Opio alisimama katikati ya zile pasi na feni. Chuma cha mviringo, kimejikunja kama kiwiko.

Lori la hendeli lilikuwa limebaki moja tu upande ule wa nchi, Bedford la magereza, la tangu Mwingereza. Opio alikuwa amepanda humo akiwa konstebo mpya, na siku moja alitumwa kufunga betri. Alifunga kama kila mtu anavyofunga, waya mweusi kwenye hasi, na dereva akamtukana mpaka mahabusu wakacheka. Malori yale ya zamani yaliundwa kinyume. Bodi ya lori inaunganishwa na chanya ya betri, si hasi. Waya mweusi unakwenda chanya, na mtu aliyelea lori hilo miaka yake yote, ukimpa waya mbili na betri gizani, mkono wake utapeleka mweusi kwenye chanya bila kumuuliza. Ukimpa inveta ya wazungu ataiunguza siku ya kwanza. Kisha atamkasirikia fundi.

Na lile lori lilikuwa kwenye yadi Jinja likibadilishwa springi. Aliyeliendesha hakuwa mgeni.

Dereva wake alikuwa Sam. Ndiye aliyemtukana Opio mwaka ule. Na leo ilikuwa Jumatatu, na Sam alikuwa njiani kutoka Jinja, na Mutwalibu amefungwa mnyororo nyuma ya mgongo wake.

"Haji, ile feni ndogo ya gari inafanya kazi?"

"Kama mpya. Hiyo sikuipaka rangi."

"Nipe. Nitakulipa kwa kusahau betri zako."

"Sahau vizuri," alisema Shakul, akamfungia feni kwenye gazeti.

*

Duka la Docus pale Busiu lilitazama barabara. Mbele palikuwa na benchi, mkungu wa matoke na redio iliyofungwa kwenye betri ya gari. Ndani, nyuma ya meza, ilisimama friji nyeupe yenye kutu chini ya mlango. Docus mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mcheshi, na alipomwona mtu wa pikipiki anapangusa jasho alicheka.

"Soda, bwana?"

"Kama ni ya baridi."

"Iko ndani ya friji." Alifungua mlango. Ndani hamkuwa na taa. Mlikuwa na mikate, sukari, sabuni za vipande, na soda zimepangwa safu. "Baridi ya kivuli, lakini ukifumba macho utaisikia."

"Friji nzuri. Panya hawaingii."

"Nicheke tu. Kila mtu hapa ananicheka. Mama wa pale ng'ambo ananiita mke wa barafu." Alifungua chupa. "Mume wangu anasema mashine ya umeme iko kwa fundi, ikirudi mtapanga foleni hapa mpaka barabarani. Betri anazo. Alipewa na wazungu wakirudi kwao."

"Naweza kuziona? Mimi napenda mambo ya betri."

"Hizo hapo nyuma. Zinanikaa njiani tu."

Opio alizunguka meza. Zilikuwa mbili, kubwa, za kijivu, zenye mikanda ya kubebea. Alizikwangua kwa ukucha. Rangi haikutoka.

Alirudi kwenye benchi akanywa soda ya moto mpaka chini. Mama huyu hakuwa anajua kitu, na hilo halikumsaidia yeyote.

"Mume wako atapita leo?"

"Akitoka Jinja hawezi kunipita. Mahabusu wangoje, afande dereva ale kwanza."

Lori lilikuja likitoa moshi mweusi, likasimama pembeni ya barabara, likazimika lenyewe. Nyuma ya wavu walikaa mahabusu saba au wanane, na kijana wa magereza, Tonny, alikaa mlangoni mwao na bunduki mapajani. Sam alishuka. Alikuwa amenenepa na mvi zimemjaa, lakini mwendo ulikuwa ule ule.

"Opio. Bado hawajakupandisha cheo?"

"Na wewe bado hawajakupa lori jipya?"

"Hili litanizika." Alimpa mkono. "Unafanya nini Busiu?"

"Naenda nyumbani. Nimenunua feni Mbale, nikajaribu kuifunga, haizunguki. Nilikumbuka matusi yako. Nikasema nimngoje mwenyewe."

Sam alicheka kwa furaha ya kweli. "Ulikuwa mjinga wa betri, konstebo. Lete."

Opio aliiweka feni mezani, ikimtazama Docus. Ilikuwa na waya mbili fupi, mwekundu na mweusi. Docus alichomoa redio akaisogeza betri. Sam hakuvaa hata miwani. Alizishika zile waya kama mtu anavyoshika vifungo vya shati lake, huku akimuuliza mkewe kama kuna nyama. Mweusi akaugusisha chanya. Mwekundu hasi.

Feni ikazunguka. Gazeti lililokuwa mezani mbele yake likavutwa, likanata kwenye wavu wa feni.

"Inavuta badala ya kupuliza," alisema Docus. "Hii feni ya mchawi."

"Ni mbovu," alisema Sam.

"Labda umegeuza waya," alisema Opio.

Sam alimtazama kwa dharau. Sauti yake nzito ilifika mpaka barabarani. "Mimi nilikuwa nafunga betri wewe bado unanyonya."

Nyuma ya lori mnyororo ulilia. Mutwalibu alikuwa ameinuka kadiri ulivyomruhusu, ameshika wavu kwa vidole, uso wake uliovimba umeelekea dukani.

"Afande Opio," aliita. "Afande, ndiye huyo. Sauti ndiyo hiyo."

Sam aliziachia waya. Feni ikasimama.

"Nani huyo anayeropoka?"

"Fundi wako wa Masese," alisema Opio. "Umembeba toka Jinja. Hakuna aliyekuambia?"

"Mimi sibebi majina. Nabeba watu."

"Ulijua. Tonny, usiniangalie mimi, angalia chini ya kiti cha dereva. Lete hendeli."

Tonny hakusogea. Alimtazama dereva wake, kisha sajini wa polisi, na bunduki ikawa haijui itazame wapi.

"Kijana," alisema Opio, "nikikosea utanicheka mpaka nistaafu. Lete."

Tonny aliruka chini, akafungua mlango wa dereva, akarudi na hendeli mkononi. Ilikuwa imejikunja kama kiwiko. Opio hakuigusa.

"Mshikie pale jua linapopiga. Sam, lori hili lina matope ya miaka. Kiti kina matope, usukani una grisi, hata kioo hujapangusa. Hendeli peke yake inang'aa. Umeiosha kwa petroli. Kwa nini umeiosha hendeli?"

Sam aliruka kuikamata. Alikuwa mzito, na Tonny alikuwa kijana. Alirudi nyuma hatua moja tu, akainua mtutu. Docus alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyemeza kitu cha moto.

"Baba Racheal," alisema. "Si ulisema walikupa?"

Sam alikaa kwenye benchi. Jasho lilimtoka shingoni. Alisema bila kumtazama mtu.

"Nilimwomba Isa. Nilimwomba kama rafiki. Wazungu wana pesa, watanunua nyingine. Akasema amana ni amana. Akanishika mkono nikiwa nazo. Nilitaka tu aniachie." Alitazama friji. "Mtu anafanya kazi miaka yote hiyo, mke wake anachekwa kwa soda za moto."

Opio alimfunga pingu. Ilikuwa imekwisha, na hakuona la kufurahia. Alikwenda nyuma ya lori.

"Tonny, mfungulie yule wa Masese."

"Siwezi, afande."

"Umesikia kila kitu."

"Nimesikia. Lakini karatasi inasema aingie gerezani. Nikifika na pungufu, nitalala pale mimi. Mpaka hakimu wa Jinja aandike nyingine."

Kijana alikuwa sahihi. Odeke angechukua siku ngapi kukubali kwamba alimvunja uso mtu asiye na hatia, na hakimu siku ngapi kuandika, hilo hakuna aliyejua. Pingu zilikuwa pea moja, na mnyororo ulikuwa mmoja. Sam alipandishwa nyuma akaunganishwa mwishoni mwake, bega kwa bega na Mutwalibu, kwa sababu ndipo nafasi ilipokuwa.

Docus alitoka dukani na chupa. Hakumtazama mumewe. Alipitisha soda kwenye wavu, akaiweka kwenye mkono wa fundi. Mutwalibu hakuinywa. Aliiinua akaiweka kwenye jicho moja, halafu kwenye lingine, akaiondoa.

"Ya moto," alisema.

"Mashine iko Jinja, ndugu yangu," alisema Docus. "Nisamehe."

"Mashine haina kosa." Mutwalibu aligeuza uso upande aliosikia Sam anahema. "Ile siku uliondoka haraka, mzee. Kuna kitu nilitaka kukwambia. Ile inveta ni ya taa na televisheni. Mota ya friji kubwa ikitaka kuanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa. Ungefunga waya vizuri, ningekubadilishia fyuzi, bado ingezima pale pale. Isingeiwasha. Hata siku moja."



Hapakuwa na mwingine wa kuendesha. Opio aliingia mahali pa dereva, akakaa kwenye kiti cha matope. Lori lilikuwa limezimika, na hendeli ilikuwa ushahidi wa kesi, imefungwa kwenye gunia. Watu wa Busiu ilibidi waitwe kusukuma.